Diski inalia tik-tik na Windows inataka niifomati. Nitumie programu gani?

Swali: Habari fundi. Nina duka la kudarizi nembo za sare za shule hapa River Road, Nairobi. Michoro yangu yote ya miaka 8, faili za DST zaidi ya 3000, iko kwenye diski moja ya nje ya TB 1 ambayo hukaa mezani kando ya mashine. Wiki jana stima ilipotea nikiwa nahifadhi kazi. Tangu hapo, kila nikiichomeka kwenye kompyuta, Windows inaniambia lazima niifomati kwanza ndipo niitumie. Inachelewa sana kuonekana, na mara nyingine inalia tik-tik. Kijana wa duka jirani aliiwekea chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua diski, usiku kucha. Asubuhi tukaikuta imeganda kwenye asilimia 11, tukaizima. Sasa anasema iko programu nyingine kali zaidi ya kurekebisha mfumo wa faili. Shule zinafunguliwa na wateja wananipigia simu. Ni ipi hiyo programu?

Jibu: Dada, kabla hujasoma zaidi, chomoa hiyo diski uiweke kwenye droo. Mwambie na huyo kijana asiiguse tena mpaka tumalize kuongea.

Programu unayoitafuta haipo, si kwa diski iliyo katika hali hiyo. Programu za kurekebisha mfumo wa faili ni nyingi na nyingine ni nzuri kweli, lakini zote hufanya kazi kwa kuandika juu ya diski ileile zinayoitibu. Diski yako haifai kuandikwa hata herufi moja. Kilichobaki katika uhai wake ni cha kusomea tu, tena kusoma kwa kubana matumizi.

Hapo kuna magonjwa mawili na dalili zake zinafanana, ndiyo maana watu huchanganyikiwa. Chukua duka lako. Una rafu za nyuzi, na una daftari linalokuambia uzi wa bluu nambari fulani uko rafu gani. Daftari likimwagikiwa chai, nyuzi zote bado ziko, ila hujui pa kuzitafuta. Rafu zikianza kuoza na kuporomoka, hata daftari safi halitakusaidia. Mfumo wa faili ni lile daftari. Diski yenyewe, sahani zinazozunguka na vichwa vinavyozisoma, ndiyo rafu. Ujumbe wa kufomati unasema tu kwamba Windows imeshindwa kulisoma daftari. Hausemi kama tatizo ni chai au ni rafu iliyoporomoka na daftari likiwa juu yake.

Mlio wa tik-tik ndio unaosema. Diski ndogo ya nje kama yako huzunguka mara 5400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde, na kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu. Kichwa kikishindwa kupata njia yake hurudi kando, hujaribu tena, hurudi tena. Huo ndio mlio unaousikia. Kwa hiyo sitailaumu stima peke yake. NTFS, mfumo ambao huenda ndio uliomo kwenye diski yako, huwa na kumbukumbu ya mabadiliko ambayo hayajakamilika, na mara nyingi stima ikirudi hujisawazisha yenyewe bila wewe kujua. Stima ikikatika katikati ya kuandika inaweza kuacha sekta moja au mbili (vipande vidogo vya diski) zisizosomeka, basi. Kinachonitia shaka ni ile meza. Mashine ya kudarizi inatikisa meza kutwa nzima, na diski imekaa hapo ikiandika na kusoma. Nafikiri ilikuwa inaumwa muda mrefu, na kukatika kwa stima kukamalizia.

Sasa chkdsk. Watu wengi huamini kazi yake ni kuokoa faili. Kazi yake ni kuhakikisha daftari halijipingi lenyewe. Ikikuta mstari usiosomeka, iko tayari kuufuta ili hesabu zilingane. Ikipata vipande visivyo na mwenyewe, huvitupa kwenye folda iitwayo found.000 vikiwa na majina kama FILE0000.CHK, na mtu mwenye michoro 3000 hana raha na majina hayo. Ukiongeza /r inasoma kila sekta ya diski, nzuri kwa mbaya, na kwenye kila sekta mbovu diski hujaribu tena na tena kwa sekunde kadhaa kabla ya kukata tamaa. Usiku kucha wa namna hiyo ni kama kumkimbiza mgonjwa wa moyo kupanda ngazi za jengo refu la KICC ili umpime mapigo. Hata hivyo usimgombeze sana huyo kijana. Kuganda kwenye 11 huenda kumekuokoa, kwa sababu pengine haikufika mbali katika kufuta.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: diski inayokufa inanakiliwa yote ilivyo, sekta kwa sekta, pamoja na huo uharibifu wake. Ukarabati wa mfumo wa faili unafanywa kwenye nakala. Ukikosea kwenye nakala unanakili tena. Ukikosea kwenye diski yenyewe umemaliza.

Kwanza amua kama hii ni kazi ya nyumbani. Ukiichomeka na ikalia tik-tik mfululizo, isionekane kabisa, au ionekane ikiwa na ukubwa wa 0, usijaribu lolote. Vichwa vimekwisha, na kila dakika ya kuzunguka vinaweza kuparaza sahani. Hapo ni maabara yenye chumba cha hewa iliyochujwa, au uiache kwenye droo hadi upate pesa. Diski iliyozimwa haizidi kuharibika kwa haraka. Lakini wewe umesema inalia mara nyingine tu na mwishowe inaonekana. Ikionekana na ukubwa wake kamili wa TB 1, kuna tumaini la kweli.

Pili, ondoa visingizio vya rahisi. Badilisha kebo. Zile kebo bapa za USB 3 za diski za nje hulegea, na soketi za mbele za kompyuta nyingi za mezani hazitoi umeme wa kutosha. Tumia soketi ya nyuma, au kompyuta ya mapajani yenye betri nzima, ambayo pia itakuvusha stima ikipotea. Usiichomeke kwenye Windows tena, maana Windows ikiiona tu huanza kuipekua na pengine kuiandika. Tengeneza flash ya Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, uwashe kompyuta kutoka kwenye flash hiyo bila kusakinisha chochote. Folda ya diski mbovu ikijitokeza kwenye skrini, usiifungue.

Na usifungue kasha la diski ili uichomeke moja kwa moja ndani ya kompyuta. Baadhi ya diski za nje zina soketi ya USB iliyochomelewa kwenye bodi yenyewe, na nyingine husimba data kwenye bodi ya kasha hata kama hukuwahi kuweka nenosiri. Ukiitenganisha na bodi hiyo utasoma takataka tupu.

Ukiwa ndani ya Ubuntu, uliza diski hali yake kwa programu ya smartctl, iliyo kwenye paketi ya smartmontools (sdb ni mfano tu; jina halisi la diski yako utalipata kwa lsblk, iliyo hapa chini):

sudo smartctl -a /dev/sdb

Ikigoma kwa sababu ya bodi ya USB, ongeza -d sat. Tazama mistari minne tu. Nambari 5 ni sekta ambazo diski imeshazihamisha. Nambari 197 ni sekta zinazosubiri hukumu, zilizoshindwa kusomeka. Nambari 198 ni zile zilizoshindikana kabisa. Zote tatu zikiwa 0 huku 199, inayohesabu makosa ya mawasiliano njiani, ikiwa kubwa, mshukiwa ni kiunganishi au bodi ya USB, na mimi na wewe tutacheka. Nadhani hatutacheka.

Sasa kunakili. Utahitaji diski nyingine nzima. Kwa TB 1 nunua inayozidi TB 2, upate nafasi ya nakala mbili zisizobanana. Isiwe imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haibebi faili inayozidi GB 4. Programu ni GNU ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz, na ndani ya Ubuntu paketi yake inaitwa gddrescue. Uzuri wake ni adabu. Programu ya kawaida ya kunakili ikikuta sekta mbovu hung'ang'ania pale pale. Hii hupita kwanza kuchukua vyote vilivyo vyepesi, huruka pabaya, na kurudi huko baadaye, kama mtu anayeokoa vitu nyumba ikiwaka: hati na watoto kwanza, kabati la nguo baadaye.

Kabla ya kuandika amri yoyote, jua ipi ni ipi:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Linganisha nambari ya utambulisho (serial) iliyobandikwa chini ya diski na unayoiona kwenye skrini. Nakusisitizia kwa sababu nina kovu. Nikiwa mgeni katika kazi hii niligeuza majina mawili, nikanakili diski tupu juu ya diski iliyojaa mahesabu ya mtu. Ilikwenda vizuri sana, bila kosa hata moja. Nililipa, na mteja yule hadi leo hunipita barabarani. Tangu siku hiyo hubandika kipande cha plasta nyekundu juu ya diski mbovu na kusoma nambari zake kwa sauti.

Ingia kwenye folda ya ile diski mpya, kisha:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb diski.img diski.map

Cha kwanza ni diski mbovu, cha pili ni faili itakayobeba nakala nzima, cha tatu ni ramani. Usiiache ramani hata ukiharakishwa vipi. Ni faili ndogo ya maandishi inayoandika sehemu zipi zimeshasomwa na zipi bado, nayo huhifadhiwa kila baada ya muda mfupi kazi ikiendelea. Stima ikipotea, na tunaijua stima yetu, unawasha tena, unarudia amri ileile neno kwa neno, nayo inaendelea pale ilipoachia. Diski ikizidi kupata joto au kuanza kulia, bonyeza Ctrl na C, izime, ipoe, urudi.

Muda? Diski nzima inayosoma MB 100 kwa sekunde ingemaliza TB 1 kwa chini ya saa 3. Kwa USB ya zamani ya MB 30 hivi ni zaidi ya saa 9. Diski mgonjwa huchukua siku, na hilo lisikutishe. Mradi namba zinapanda, iache. Iweke sakafuni juu ya kitu kigumu, ipulizwe na feni ndogo, na tafadhali isiwe kwenye ile meza. Zile hadithi za kuiweka kwenye friza zisahau. Ikitoka humo unyevu hutanda juu ya sahani, na unyevu na kichwa kinachoelea nanomita chache havikai pamoja.

Mzunguko wa kwanza ukiisha, tazama kilichobaki. Kikiwa kidogo na diski haijazidi kulia, jaribu kukwangua:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski.img diski.map

Hiyo inarudia sehemu zilizoshindikana mara tatu. Hapa ndipo diski nyingi hufia, kwa hiyo kama mzunguko wa kwanza umeleta karibu yote, ningeanza kwa kuchungulia nakala kabla ya kuamuru ukwanguaji.

Na kwako wewe kuna habari njema ambayo huenda hukuifikiria. Faili ya DST ina kichwa cha baiti 512, kisha baiti 3 kwa kila mshono. Nembo ya mishono 10,000 haizidi KB 31. Michoro 3000 ya aina hiyo ni kama MB 90. Mali yako yote ya miaka 8 ni punje kwenye gunia la TB 1, na sekta mbovu zikiwa zimetawanyika, michoro mingi sana itakuwa mizima. Kinachoweza kuwa kimeumia ni daftari. Kwenye NTFS daftari hilo huitwa MFT. Kila faili ina ukurasa wake, kwa kawaida wa baiti 1024, wenye jina, tarehe na mahali ilipo.

Ukishapata nakala, nakili nakala hiyo tena, ya pili uiite nakala.img, na ile ya kwanza usiiguse. Kwenye ya pili jaribu kwanza kufungua kwa kusoma tu:

sudo losetup -r -P -f --show nakala.img

Itakupa jina, tuseme /dev/loop9. Kisha:

sudo mount -o ro /dev/loop9p1 /mnt

Ukiona folda zako ndani ya /mnt, hamisha michoro yako, umemaliza. Hakuna haja ya kukarabati kitu. Hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ikikataa, fungua nakala hiyo kwa TestDisk ya Christophe Grenier. Chagua Advanced, kisha Boot. NTFS huweka nakala ya sekta yake ya kwanza mwishoni kabisa mwa partisheni, na kama iliyokufa ni hiyo ya kwanza tu, TestDisk huirudisha kwa dakika moja. Humo humo unaweza kuorodhesha faili na kuzinakili bila kurekebisha chochote. Na kama kijana wako bado ana hamu na chkdsk, imwage nakala juu ya diski nzima nyingine, umruhusu aiendeshe hapo mpaka achoke.

Daftari likiwa limekufa kabisa, inabaki PhotoRec, inayokuja pamoja na TestDisk. Hiyo haisomi daftari. Inapekua rafu moja moja ikitafuta mianzo ya faili inayoitambua. Kawaida hasara yake ni majina: unapata maelfu ya faili zenye nambari tu. Lakini DST ina bahati. Kila faili huanza na herufi LA: zikifuatwa na jina la mchoro, hadi herufi 16. Usipoiona DST kwenye orodha ya PhotoRec, ifundishe: tengeneza faili ya maandishi iitwayo .photorec.sig kwenye folda yako ya nyumbani, uandike mstari mmoja:

dst 0 "LA:"

Kisha washa kipengele cha custom kwenye orodha ya aina za faili. Zitakazotoka nyingine zitakuwa ndefu kuliko zinavyopaswa, kwa kuwa PhotoRec haijui mchoro unaishia wapi, lakini mchoro wenyewe una alama yake ya mwisho na mashine nyingi husimama hapo. Jaribu chache kwenye kitambaa cha kutupa. Majina utayasoma ndani ya faili, ukitegemea ulikuwa unayajaza vizuri. Kama wote mlikuwa mnaita kila kitu "nembo mpya", pole.

Kazi hii ikikushinda, peleka kwa fundi, ila muulize swali moja kabla hujaiachia diski: ataanza na nini? Akikwambia ataifomati kisha arudishe faili, au ataifungua mfuniko palepale kwenye kaunta ya mtaa wa Luthuli aone, rudi nayo nyumbani. Akisema ataanza na nakala, kaa muongee bei. Mpe kwa maandishi mnavyokubaliana, hasa kama humo kuna orodha za wanafunzi, majina na vipimo vyao. Hizo ni taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakugusa wewe mwenye duka.

Wakati diski inanakiliwa, wateja hawatangoji. Kusanya kila flash uliyowahi kuchomeka kwenye mashine ya kudarizi. Michoro ya shule zinazokuagiza kila Januari ilipita humo, na hata ulizofuta PhotoRec inaweza kuzichimbua, mradi hujaandika vingine juu yake tangu hapo. Chungulia na kumbukumbu ya ndani ya mashine yenyewe. Watu wengi hawajawahi kuisafisha. Tafuta pia kwenye barua pepe na WhatsApp, ulikowatumia wateja wathibitishe. Nisingeshangaa ukipata nembo za msimu huu wote bila kuigusa ile diski.

Ukimaliza mzunguko wa kwanza, niandikie: nambari za mistari 5, 197, 198 na 199, asilimia ddrescue iliyookoa, na kama tik-tik imezidi au imebaki vilevile. Kwa hizo nitakwambia kama ukwangue au uizime uipeleke maabara.